Mary Watano wa Plas Gwernol

Tyn-y-Gors,
Bonde la Gwernol,
Meirionnydd,
Wales.
4 Machi 2019

Mpendwa Wifi Nerys,

Salamu nyingi kutoka huku bondeni, ambako mvua imenyesha tangu Alhamisi na leo imepumzika kidogo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limekubali dawa. Kwenu huko kusini, ng'ambo ya bahari, sasa kiangazi kinakwisha na mnakusanya matofaa. Kwetu kondoo ndiyo kwanza wanaanza kuzaa. Mimi sijambo. Kifua kilinisumbua mwezi wa Januari, kisha kikaniachia. Dada yangu Beti huja kila Jumapili kuhakikisha kwamba ninakula, na mimi hula akiwepo.

Barua yako ya rambirambi ilinifikia, pamoja na yale majani yenu ya kunywa na picha. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Nilianza mara mbili nikaacha. Majani nimeyajaribu, Wifi, na sitakudanganya: nimempa Emyr, yule jirani anayefuga nyuki, naye anasema anayapenda.

Uliuliza Idwal wangu alifariki vipi. Ilikuwa Jumanne asubuhi, tarehe tisa Oktoba. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu na mlango, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Nilikuwa nakata mkate. Nilimuuliza kama anataka jibini, hakujibu, nikakata jibini hivyo hivyo. Daktari alisema ni moyo na kwamba hakusikia maumivu. Ninamwamini, kwa sababu kiatu hakikuanguka.

Mazishi yalikwenda vizuri. Kanisa lilikuwa na baridi kama kawaida yake. Watu waliimba kwa sauti nne, na kwenye mstari wa besi waliacha wazi nafasi aliyozoea kusimama yeye. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Baadaye tulikula nyama ya nguruwe na mkate wa zabibu kavu huko chumba cha nyuma, na chai haikutosha.

Sasa nina jambo la kukueleza linalomhusu bibi yako, na mwisho wake nina swali moja. Ni swali dogo, lakini kuna mchonga mawe anayelisubiri, na hakuna mtu mwingine duniani ninayeweza kumuuliza. Nitaanza mbali kidogo ili unielewe.

Unaijua Plas Gwernol kwa kusikia tu. Ni jumba lile la kina Lloyd-Anwyl, lenye madirisha sitini na mawili, lililojengwa kwa faida ya machimbo ya mawe ya kuezekea. Babu zetu walichimba, wao wakajenga. Mwaka 1957 Bwana Mkubwa wa mwisho alifariki, kodi ya urithi ikawaelemea wanawe, jumba likakabidhiwa shirika la kutunza majengo ya kale. Tangu mwaka 1962 wageni wanaingia kuanzia Pasaka hadi mwisho wa Oktoba. Hutazama vitanda, vyombo vya fedha na jiko, kisha hunywa chai katika banda walimofugwa farasi.

Idwal alikuwa mpeleka barua miaka thelathini. Alipostaafu alianza kuongoza wageni Plas, akafanya hivyo kwa miaka kumi na tisa. Shirika lilimpa ufunguo wa mlango wa mbele, lakini yeye alipita mlango wa jikoni mpaka mwisho. Alisema bibi yake Elin alifanya kazi mle miaka tisa na hakuwahi kuukanyaga ule wa mbele, isipokuwa alipokuwa anausugua.

Wageni walimpenda. Hakuwa na maneno mengi juu ya wenye nyumba. Alikuwa na maneno juu ya Mary.

Mary alikuwa mtumishi wa vyumba wa pili. Karatasi zote za nyumba zinamtaja, kuanzia mwaka 1868 hadi 1920: Mary akunjue mazulia, Mary afungue vyumba vya ghorofa ya juu, Mary ana mafua. Miaka hamsini na miwili. Idwal aliwasimamisha wageni juu ya ngazi ya nyuma, akawaonyesha jinsi vidato vilivyolika katikati, akawaambia kwamba miguu ya mwanamke mmoja ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Mama mmoja kutoka Uingereza aliguswa sana hata akalipia benchi la bustanini, likaandikwa: Kwa Mary, mtumishi mwaminifu, miaka hamsini na miwili.

Utashangaa mbona hakuna aliyejiuliza. Wifi, hapa kwetu kumwita mwanamke Mary ni kama kutomwita. Darasani kwangu tulikuwa na kina Mary Jones wanne. Ukitaka kumjua mtu, humtafuti kwa jina, unauliza anatoka shamba gani. Kwa hiyo karatasi zikisema Mary, Mary, Mary, sisi hatukuona ajabu. Mgeni kutoka mbali huenda angeuliza. Sisi tuliozaliwa hapa tuliona kawaida.

Kila majira ya baridi Plas hufungwa na sisi wa kujitolea huenda kuisafisha. Viti hufunikwa mashuka, vitabu hupigwa brashi kimoja kimoja, picha huteremshwa ukutani. Januari ya mwaka jana tuliteremsha picha za watumishi. Zilipigwa kwenye ngazi za mbele baada ya mavuno, na majina yameandikwa nyuma kwa wino. Zipo tano tu zilizosalia, na zilikuwa zikitundikwa kila moja chumba chake. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, ziliwekwa zote juu ya meza moja.

Nesta ndiye aliyeanza. Humjui, alikuwa mwalimu wa shule yetu, na mdomo wake haukustaafu naye. Alisoma nyuma ya picha ya mwaka 1874, akasoma ya 1897, kisha akazigeuza akaziangalia.

"Idwal," alisema, "huyu Mary wako hapa ni mfupi kama kisiki. Na hapa ni mrefu kama nguzo ya simu. Alikula nini hapo katikati?"

"Uji wa shayiri," Emyr akajibu. Alikuwa juu ya ngazi anafuta taa.

"Basi nipikieni na mimi."

Tukacheka. Idwal hakucheka. Alizipanga zile picha kwa miaka, akatoa miwani, akaifuta, akaivaa. Katika ya 1889 Mary alikuwa na meno yaliyotokeza. Katika ya 1919 alikuwa msichana, hana hata miaka ishirini na mitano.

"Miaka kumi na tisa umetuuzia Mary mmoja," Nesta alimwambia, "kumbe ghalani unao watano."

"Nyamaza kidogo, Nesta," Idwal alisema, si kwa ukali. Alikuwa ameinamia ile ya mwaka 1908. Mary wa picha hiyo amesimama mwisho wa safu, vidole gumba vyote viwili amevificha ndani ya ngumi. Mama yake Idwal alisimama hivyo hivyo mpaka alipofariki. Na mama yake alijifunza kwa mama yake mwenyewe, Elin.

Njiani kurudi nyumbani, tulipofika daraja la chini, alinisimulia kwamba alipokuwa na miaka saba hivi, bibi yake Elin alimpeleka mnadani Dolgellau. Mtu asiyemjua aliita nyuma yao, "Mary!" Elin akageuka. Kisha akaona aibu, akamnunulia Idwal peremende na kumwambia asiseme nyumbani. Kwa miaka sabini alidhani peremende ndizo zilizokuwa siri.

Desturi yenyewe ni hii. Bibi Mkubwa aliyeolewa Plas miaka ile ya 1860 alitoka Uingereza, na ulimi wake haukuyaweza majina yetu wala hakujisumbua kuujaribu. Akaamua kwamba mtumishi wa kwanza wa vyumba ataitwa Jane, wa pili Mary, na wa jikoni Ann. Msichana mpya alipoingia alipewa aproni, kofia na jina, na alipoondoka aliviacha vyote vitatu. Mkwewe akaiendeleza desturi. Wasichana hawakulisema jambo hili majumbani. Nyumbani walikuwa Elin wa Nant au Sioned wa Pant, na lile jingine lilikuwa la kazini, lilibaki kazini. Nafikiri walilionea haya kidogo, kama mtu anavyoonea haya viatu vya kuazima.

Idwal alimwandikia yule mama wa benchi kumweleza kosa lake na kumwomba radhi. Mama akajibu kwamba benchi libaki lilivyo, kwa sababu limetengenezwa kwa ajili ya watu watano wakibanana.

Kisha Idwal akaanza kutafuta majina. Msimamizi wa jumba, Bi Lowri, alikubali kwamba yakipatikana yote yatachongwa kwenye bamba la jiwe jeusi la machimboni na kuwekwa ukutani juu ya ngazi ya nyuma, Pasaka ya mwaka huu. Idwal akazunguka tena na baiskeli kama siku za barua, shamba kwa shamba, akinywa chai ya watu na kuuliza. Wa kwanza alimpata upesi: Margiad wa Hafod. Wa pili, mwenye meno, Catrin wa Felin. Wajukuu zake wanayo meno yale hadi leo. Wa nne ni Elin mwenyewe, bibi yake. Wa tano Sioned wa Pant, aliyeolewa na fundi saa.

Wa tatu hakupatikana. Huyu ndiye yule mrefu, wa picha ya 1897. Amesimama wima, nyusi ya kushoto imepanda juu kuliko ya kulia, kana kwamba mpiga picha amesema jambo asilokubaliana nalo.

Mwezi wa Septemba Idwal alishika daftari la zamani la shule ya Jumapili, lile lililookolewa kanisa la juu lilipobomolewa. Alitaka tu kuona jina la bibi yake akiwa mtoto. Akamkuta: Elin wa Nant. Juu yake yupo dada yake mkubwa. Na hapa, Wifi, ndipo ninapokuomba uketi kama umesimama.

Dada yake Elin tunamjua sote. Ni bibi yako, mzaa baba yako, aliyepanda meli kwenda kwenu mwaka 1902. Ninyi katika barua zenu mlimwita siku zote bibi Mary. Huku Elin hakumtaja kwa jina. Alisema "dada yangu" basi, na uso ukafungwa. Kwa hiyo sisi pia tulijua kwamba anaitwa Mary, kwa sababu ninyi mlisema. Lakini katika daftari lile hakuna Mary wa Nant. Wapo watoto watatu: Gwenno, Elin, na mdogo wao Huw aliyefariki akiwa na miaka minne. Pembeni ya jina la Gwenno, mwalimu ameandika kwa penseli: yuko Plas sasa.

Bibi yako alizaliwa Gwenno.

Idwal alikuja nalo jikoni daftari lile amelibeba mikono miwili. Alisema, "Tegwen, wamepokezana aproni hawa." Gwenno aliondoka Septemba ya 1902, na Elin aliingia Plas mwezi huohuo. Yaani mmoja aliivua, mwenzake akaivaa, ikiwa na joto lake bado. Hatujui kama waliagana. Kwa jinsi Elin alivyokuwa akinyamaza, Idwal alidhani hawakuagana. Msichana wa miaka kumi na minane aliitwa kutoka nyumbani na kupewa jina la dada yake aliyemwacha, akaitwa hilo kutwa kwa miaka tisa. Mimi nisingetaka kulisikia tena.

Bi Lowri alisema penseli ya mwalimu haitoshi, kwa sababu haionyeshi kwamba Gwenno ndiye yule wa kwenye picha. Anasema vizuri, jumba limeshasimulia uongo mmoja kwa miaka mingi. Alitaka sura ya Gwenno kutoka mahali pengine. Idwal akasema atakuandikia. Baada ya mazishi nilikuta kwenye meza yake karatasi yenye anwani yetu, tarehe nane Oktoba, na jina lako. Hakuna kingine.

Nami nilikaa nayo. Sikuwa na nguvu ya kueleza mambo ya Plas kwa mtu yeyote. Ndipo barua yako ikaja, na ndani yake, bila mtu kukuomba, picha ya bibi yako akiwa mzee, mbele ya ile miti yenu mirefu myembamba, birika mkononi. Umeandika umeituma ili ikae pamoja na vitu vya Idwal, kwa kuwa walifanana pua. Mimi sikutazama pua. Nilitazama nyusi.

Jumatano iliyofuata niliipeleka Plas. Bi Lowri alileta kioo cha kukuzia, akaziweka picha mbili ubavu kwa ubavu, akachukua muda wake. Nesta alisimama nyuma yake akipumua kwa nguvu.

"Bibie, weka hicho kioo chini," Nesta alimwambia. "Hata mimi ninayevaa miwani miwili namuona. Huyo ni yeye, na bado hajamsamehe mpiga picha."

Bi Lowri akakubali. Akatoa karatasi ya mchonga mawe, akaandika mstari wa tatu: Gwenno wa Nant. Nilifurahi, Wifi. Nilimfikiria Idwal, nikafurahi kwa ajili yake. Kisha nikaigeuza picha yako ili niirudishe kwenye bahasha, nikaona maandishi ya nyuma. Si mwandiko wako. Ni wa zamani, umeinama kulia, kwa lugha yetu, na nadhani ni wake: "Mimi, Mary, katika nyumba yangu."

Nikawaonyesha.

"Basi ndiyo hivyo," Nesta alisema. "Aandikwe Mary."

"Mary lilikuwa jina la aproni," Bi Lowri akasema. "Tunaweka bamba hili kwa ajili ya kuliondoa, halafu tumrudishie?"

"Alikwenda nalo mwenyewe, bibie. Hakuna Bibi Mkubwa aliyevuka bahari kumfuata."

"Labda alilizoea tu."

"Mimi nimemzoea mume wangu miaka arobaini na minne. Bado sijamwandika nyuma ya picha."

Emyr akasema waandike yote mawili. Nesta akamwambia hilo ni jibu la mtu anayeogopa kuumwa na nyuki wake mwenyewe. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ni mke wa Idwal na kazi hii ilikuwa yake.

Niliwaambia wasubiri. Nimelifikiria wiki tatu. Wakati mwingine naona kwamba jina lile alitupiwa, na kwamba kumwandika Mary ni kumrudisha kwenye ngazi ile. Wakati mwingine naona msichana aliyeshuka melini mahali ambapo hakuna anayemjua, akaulizwa anaitwa nani, na majina yote mawili yalikuwa yake kuchagua. Wengine wanne waliliacha jina hilo mlangoni. Yeye peke yake aliondoka nalo. Huenda aliona kwamba amelifanyia kazi vya kutosha hata likawa mali yake. Huenda pia alitaka Gwenno abaki huku na mdogo wake. Mimi sina elimu ya kulijua hilo, na Idwal hayupo nimuulize.

Nimemwambia mchonga mawe achonge mistari minne na kuuacha wa tatu. Ameshaanza. Jiwe halifutiki, na sitaki mtu yeyote wa huku amchagulie tena bibi yako jina.

Kwa hiyo swali langu ni hili. Ulikuwa na miaka sita alipofariki, na uliwahi kuniandikia kwamba ulilelewa jikoni kwake. Wewe ulimwita bibi, najua, na watoto wake walimwita mama. Lakini babu yako alipokuwa akirudi kutoka kwenye mifereji ya mashambani, akavua viatu mlangoni na kumwita aliye ndani, aliita jina gani? Kaa utulie, usikilize. Hilo alilolijibu nyumbani kwake ndilo nitakalochongesha. Na kama hulisikii, niambie tu kwamba hulisikii. Mstari utabaki mtupu, na nitakaposimama juu ya ngazi ile nitawaeleza wageni kwamba huyu hatukumwandika kwa sababu hatukuwa na ruhusa yake.

Nasema nitakaposimama kwa sababu Bi Lowri ameniomba nishike siku za Idwal, Jumatatu na Ijumaa. Nimekubali kwa msimu mmoja. Ufunguo ninao.

Pasaka ni tarehe ishirini na moja Aprili, na fundi anahitaji wiki moja. Mimi napenda jibu la kalamu, lakini kama posta itachelewa, binti yako Luned anaweza kumtumia Nesta ujumbe kwa simu; namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Picha ya 1897 nimekutolea nakala, imo humu. Wewe ndiye wa kwanza huko kwenu kumwona akiwa kijana.

Nisalimie Luned na mumewe, kaka yako Elvio, na wale mapacha ambao sasa nadhani wamenipita urefu. Beti anawasalimu, Emyr anashukuru kwa majani, na Nesta anasema ukija huku atakuonyesha jumba bure, ingawa si lake. Mungu awape mavuno mema na awalinde njiani na nyumbani.

Mimi wifi yako nikupendaye,

Tegwen